Sura ya Tano: Kati ya Meza na Meza

Mtoto anayeteswa Marafa au Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, huwa ameonwa na watu wengi kabla hajafika hospitali. Jirani amesikia kilio usiku. Mwalimu ameona dawati lina nafasi tangu Jumatatu. Mhudumu wa afya ya jamii amepita nyumbani, akaambiwa mtoto kaenda kwa nyanyake. Nesi wa zahanati amesafisha kidonda na kuandika kwenye rejista kwamba mtoto ameanguka. Kila mmoja ana kipande cha habari, na kila kipande kikiwa peke yake ni kidogo mno kumfikisha mtu kwa polisi.

Hospitali ndipo mahali ambapo vipande hivyo vingeweza kuwekwa pamoja. Shida ni kwamba hospitali yenyewe ina meza nyingi. Mtoto aliyeletwa Malindi au Kilifi huanzia mapokezi, akapimwa joto na uzito, akamwona afisa wa tiba ambaye wagonjwa wote humwita daktari, akapelekwa maabara, pengine eksirei, pengine wodini, kisha kwa afisa wa ustawi wa jamii. Nje ya lango kuna meza nyingine: dawati la jinsia la polisi, ofisi ya afisa wa watoto, mwendesha mashtaka, mahakama. Hoja ya sura hii ni moja. Watoto wengi huonekana mapema. Tunawapoteza katika hatua zile chache za kutoka meza moja kwenda nyingine, pale kila mtu anapodhani mwenzake ameshaubeba mzigo.

Denver, London, Cleveland

Utaalamu wenyewe si wa zamani. Mwaka 1946, mtaalamu wa eksirei wa New York, John Caffey, aliandika kuhusu watoto sita waliokuwa na damu iliyovilia chini ya fuvu na wakati huohuo mifupa mirefu iliyovunjika, bila maelezo yoyote ya kuridhisha. Hakuthubutu kusema wazi nani aliwavunja. Ilichukua miaka 16 zaidi. Mwaka 1962 Henry Kempe, daktari wa watoto wa Denver, na wenzake walichapisha makala iliyokusanya visa 302 kutoka hospitali 71 za Marekani. Watoto 33 kati ya hao walikuwa wamekufa. Katika miaka mitano iliyofuata, majimbo yote ya nchi hiyo yalikuwa na sheria za kuripoti. Kempe alikuwa ameshagundua jambo lililo muhimu kwetu kuliko hata sheria: daktari peke yake hukataa kuamini. Akimtazama mzazi mwenye adabu aliyekaa mbele yake, moyo humwambia haiwezekani. Ndiyo maana hospitali yake ilianza mapema kuwakutanisha daktari, nesi na afisa wa ustawi kwenye timu moja, ili shaka ya mmoja ipimwe na macho ya wengine.

Yaliyofuata Uingereza yanaonyesha makosa ya pande zote mbili. Mwaka 1987, katika eneo la Cleveland, watoto 121 walisemwa kuwa wamenajisiwa katika muda wa miezi michache na wengi wakatengwa na wazazi wao, kwa kiasi kikubwa kwa sababu madaktari wawili waliamini dalili moja ya mwilini kuliko ilivyostahili. Wengi wao walirudishwa nyumbani. Miaka 12 baadaye, mjini London, msichana kutoka Ivory Coast, Victoria Climbié, alifikishwa hospitalini akiwa na majeraha, na daktari mmoja akaamua kuwa ni upele. Alifariki Februari 2000 akiwa na umri wa miaka minane, na mwilini mwake zikahesabiwa alama 128. Uchunguzi wa Lord Laming ulionyesha kwamba polisi, maafisa wa ustawi na hospitali zaidi ya moja walikuwa na habari zake. Cleveland, watu wachache waliamua haraka mno. London, watu wengi walisubiriana. Yote mawili yasingefika mbali kama waliohusika wangeketi chumba kimoja wakaulizana maswali magumu.

Jicho la Pwani

Dalili za kipigo zinafundishika. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa hapaswi kuwa na alama za damu kuvilia, wala kuvunjika paja. Mtoto anayekimbia huumia magotini, kwenye muundi na kipajini. Akiwa na alama masikioni, shingoni, tumboni au mgongoni, swali lingine linazuka. Maji ya moto yaliyomwagika kwa bahati mbaya huacha matone na michirizi isiyo na mpangilio. Mguu uliozamishwa kwa nguvu huungua kwa mstari ulionyooka, mithili ya soksi. Juu ya hayo yote kuna hadithi: imebadilika kati ya mapokezi na wodi, au haiendani na jeraha, au mtoto aliumia Jumamosi na leo ni Jumatano.

Hata hivyo, anayeshika kitabu cha Denver na kukitumia Kilifi bila kufikiri atawadhulumu wengi. Watoto wetu huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu mgongoni na matakoni, ambayo kwa asiyeyajua yanafanana kabisa na alama za kupigwa. Selimundu ni nyingi katika ukanda huu, na mtoto mchanga mwenye ugonjwa huo huvimba vidole na kulia akiguswa kama aliyepindwa mkono. Impetigo, ugonjwa wa ngozi, huacha viduara vinavyofanana na vya kuunguzwa kwa sigara. Kuna alama za kuumika na za chale za dawa, ambazo familia imezifanya kwa nia ya kuponya. Kisha kuna kifafa. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ambao kituo chao kilianzishwa Kilifi mwaka 1989, wameonyesha kwa miaka mingi jinsi kifafa kilivyo kizito vijijini mwetu, na mtoto mwenye kifafa anayeachwa karibu na mafiga huweza kuangukia moto. Kuungua kwake kunaweza kuwa ajali, kunaweza kuwa kutelekezwa, na mara nyingi ni umaskini wa nyumba yenye mtu mzima mmoja na watoto watano.

Kwa hiyo daktari mzuri huuliza kabla ya kuhukumu, tena huuliza kwa namna isiyomweka mzazi kizimbani.

“Mama, nisimulie siku ile tangu asubuhi. Mtoto alikuwa na nani?”

“Nilimwacha na shemeji, daktari. Mimi nilikwenda kisimani.”

“Na uliporudi ulimkuta vipi?”

Maswali ya namna hiyo hayamtaji mkosaji. Yanafungua saa za siku moja baada ya nyingine, na ndani ya saa hizo ukweli huwa una mahali pa kukaa. Jibu linaandikwa kwa maneno yaleyale ya mama. Muhtasari wa daktari hautoshi, kwa kuwa miezi minane baadaye wakili atauliza nani alisema nini.

Chirwa, nyuni na swali la kutelekezwa

Kipigo huacha alama. Kutelekezwa ni kugumu zaidi, kwani hutambuliwa kwa vitu vilivyokosekana: uzito usiopanda, chanjo zilizorukwa, kidonda kilichooza. Hapo ndipo mhudumu asiyejua lugha ya nyumbani hukosea zaidi.

Kwa Wagiriama, mtoto anayekonda na kunyauka anaweza kusemwa kuwa ana chirwa, hali inayohusishwa na mzazi aliyekiuka miiko ya ndoa. Mama anayemleta mtoto huyo hospitalini analeta pamoja naye tuhuma za uzinzi. Ndiyo sababu wengine huchelewa, hupitia kwa mganga kwanza, au humtuma bibi. Vivyo hivyo mtoto anayetetemeka kwa degedege huweza kusemwa amepitiwa na nyuni, naye akafukizwa kwanza kabla ya mtu kutafuta nauli ya kwenda Malindi. Nesi akiandika tu “amecheleweshwa siku sita”, ameandika kweli lakini hajaeleza kitu.

Je, huko ni kutelekezwa? Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaorodhesha hali zinazomfanya mtoto ahitaji malezi na ulinzi, na inampa afisa wa watoto nafasi ya kusaidia kabla ya kushtaki. Timu yenye busara huuliza swali lenye manufaa zaidi: tukimweleza mama huyu na tukampa chakula tiba, atarudi wiki ijayo? Anayerudi alikosa msaada, na msaada ndio dawa yake. Asiyerudi mara tatu, ilhali mhudumu wa afya ya jamii amemkuta nyumbani na mtoto anazidi kunyauka, amevuka mpaka mwingine. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu aliyemwona mtoto kwa dakika kumi. Unahitaji rejista ya kliniki, mhudumu wa kijijini na afisa wa ustawi wakizungumza lugha moja.

Saa 72

Katika unajisi, saa zina bei yake. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita na kunywewa kwa siku 28. Kinga ya mimba hufanya kazi hadi saa 120, na inazidi kupungua nguvu kila siku inayopita. Sampuli za mwilini hupotea kwa kuoga na kwa muda. Nguo za mtoto zinapaswa kukaushwa hewani na kutiwa kwenye mfuko wa karatasi. Zikitiwa kwenye plastiki huota ukungu, na Mkemia wa Serikali hana cha kusoma.

Sasa pima saa hizo dhidi ya maisha ya Langobaya au Baricho. Siku ya kwanza ni ya kulia na kuulizana. Siku ya pili wazee wanakaa. Upande wa mtuhumiwa, ambaye mara nyingi ni jamaa au jirani, unaahidi mbuzi au pesa, na mtoto anaogeshwa ili “aibu iishe”. Siku ya tatu ahadi inavunjika, na mama anapanda bodaboda kwenda hospitali kwa hasira. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiwapi wazee wala wazazi mamlaka ya kufuta kesi ya aina hii, lakini mbuzi huyo bado anachinjwa, na saa 72 zinakatika zikiwa chini ya mwembe.

Familia nyingi hazijui mambo mawili. La kwanza, kanuni za mwaka 2012 zinaagiza tiba ya aliyebakwa au kunajisiwa iwe bure katika hospitali ya umma. La pili, tiba hutangulia polisi. Mtoto hapaswi kurudishwa akatafute fomu ya polisi ya P3 ndipo aguswe. Hospitali ina karatasi yake, fomu ya PRC, inayojazwa nakala tatu: moja ya polisi, moja ya aliyedhurika, moja inabaki faili la hospitali. Nakala hiyo ya tatu imeokoa kesi nyingi, kwa sababu karatasi za polisi hupotea, na mtoto anayehamishiwa kwa shangazi Mtwapa huwa hana habari ya bahasha aliyoiacha nyumbani.

Umri, kitendo, mtu

Mahakama inapotaka kuthibitisha unajisi huuliza mambo matatu: mtoto ana umri gani, kitendo kilitendeka, nani alikitenda. Hospitali inagusa yote.

Umri unaonekana rahisi hadi ukumbuke ni watoto wangapi Kilifi wamekua bila cheti cha kuzaliwa. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kilichokunjwa ndani ya leso, kinaweza kuwa ushahidi mkuu. Kisipokuwepo, daktari wa meno au wa kawaida hukadiria. Makadirio hayo yana uzito mkubwa. Kwa mtoto wa miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Kati ya 12 na 15, kisichopungua miaka 20. Kati ya 16 na 18, kisichopungua 15. Mwandiko mmoja wa daktari unaweza kuhamisha miaka ya maisha ya mtu.

Juu ya kitendo, kuna dhana inayowaponza wengi: kwamba daktari akichunguza ataona. Mwaka 2002, Astrid Heger na wenzake wa Los Angeles walichapisha matokeo ya watoto 2,384 waliopelekwa kuchunguzwa kwa shaka ya kunajisiwa. Takriban asilimia 4 tu walionekana na kasoro ya mwilini. Miili ya watoto hupona upesi, na matendo mengine hayaachi alama kabisa. Daktari wa Kilifi anayeandika “hakuna dalili za kunajisiwa” badala ya “uchunguzi ni wa kawaida, jambo ambalo halikanushi maelezo ya mtoto” amempa wakili wa utetezi zawadi bila kukusudia. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu mahakama kuhukumu kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa ya kingono, mradi hakimu amemwamini na kueleza sababu. Kwa hiyo sauti ya mtoto ni mali. Ikiulizwa mara moja, kwa utulivu, na mtu aliyefunzwa, hubaki nzima. Ikiulizwa na nesi, kisha daktari, kisha polisi mapokezini mbele ya watu, kisha polisi mwingine, huchakaa, na kila tofauti ndogo hugeuzwa kuwa uongo.

Kuhusu mtu, Pwani tuna mazoea ya kumtafuta mgeni. Ripoti ya UNICEF na Serikali ya Kenya ya Desemba 2006 ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakiuza miili yao mara moja moja. Vichwa vya habari vikawashika watalii. Ripoti hiyohiyo ilisema kundi kubwa zaidi la wateja, asilimia 38, lilikuwa Wakenya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na hata mambo yote matatu yakithibitishwa, mlolongo unaweza kukatika mwishoni. Mwaka 2016, Jaji Said Chitembwe wa Mahakama Kuu ya Malindi alimwachilia mwanamume aliyefungwa miaka 20 kwa kumnajisi msichana wa miaka 13, kwa hoja kwamba msichana huyo alijiendesha kama mtu mzima. Watetezi wa haki za wanawake, ndani na nje ya nchi, waliipinga hukumu hiyo vikali. Kwa wahudumu wa hospitali, hukumu kama hiyo ni somo chungu: unaweza kufanya kazi yako yote na meza ya mwisho ikasoma mambo kivingine.

Binti wa kliniki ya wajawazito

Meza inayoona unajisi zaidi hospitalini imo kliniki ya wajawazito, mbali na chumba cha dharura. Binti wa miaka 14 anayekuja kupimwa mimba ni, kisheria, mtoto aliyetendewa kosa, hata kama amevaa buibui la mke wa mtu na shangaziye anasema kaolewa. Katika kaunti ambayo disko matanga (ngoma za usiku za matangani), shule za mbali na umaskini vimeshalaumiwa kwa miaka, nesi wa kliniki hukutana naye mara kwa mara.

Hapa hakuna jibu jepesi. Nesi akiripoti kila mmoja papo hapo, habari zitasambaa mitaa ya Muyeye na Maweni yote kwamba kliniki inawaita polisi, na mabinti watajifungulia nyumbani, ambako hufa. Asiporipoti, mwanamume wa miaka 40 aliyempa mimba ataendelea na mdogo wake. Timu zinazofanya vizuri hutenganisha maswali. Kwanza usalama: analala wapi usiku huu, na nani? Pili afya yake na ya kichanga. Tatu, akiwa peke yake bila shangazi, baba wa mtoto ni nani na ana umri gani. Mvulana wa darasa lake na mjomba wake si kesi moja, ingawa sheria iliyoandikwa inawahesabu wote wawili kuwa wakosaji. Ripoti hupelekwa kwa afisa wa watoto, ambaye anaweza kumtafutia mahali salama, kabla gari la polisi halijasimama mlangoni.

Shakahola

Hakuna mahali gharama ya meza zisizozungumza ilipoonekana wazi kama Shakahola. Mwaka 2017 mhubiri wa Malindi, Paul Mackenzie, alikamatwa kwa madai yaliyohusu watoto kuzuiwa kwenda shule. Baadaye alifunga kanisa lake mjini na kuhamia msitu wa Shakahola, ndani ya ranchi ya Chakama. Machi 2023 alikamatwa tena, kuhusiana na watoto wawili waliodaiwa kufa kwa njaa, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Katikati ya Aprili polisi waliingia msituni na kuwakuta watu waliodhoofika kupita kiasi. Wengine walikufa walipokuwa wakiokolewa. Kisha makaburi yakaanza kufunguliwa. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa.

Hospitali ya Malindi ikawa kitovu cha yote. Makontena ya barafu yalisimama uwanjani, Shirika la Msalaba Mwekundu likafungua dawati la kuwatafuta waliopotea, na mtaalamu mkuu wa serikali wa uchunguzi wa maiti, Dkt. Johansen Oduor, na wenzake wakafanya kazi kwenye chumba cha maiti kisichojengwa kwa idadi hiyo. Walikuta njaa kwa wengi, na kwa baadhi, watoto wakiwemo, dalili za kukosa hewa. Februari 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa katika Mahakama Kuu ya Malindi kwa mauaji ya watoto 191. Walikana mashtaka.

Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana, na baadaye Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, zilieleza kwamba dalili zilikuwepo na maafisa wakakosa kuchukua hatua. Zitazame dalili hizo moja moja: watoto walioacha shule, kadi za chanjo zisizoendelea, familia zilizouza mali na kuhama, jamaa waliopiga ripoti. Hakuna hata moja inayotosha. Zikiwekwa pamoja zinapiga kelele. Elimu ilikuwa na yake, afya na yake, polisi na yake, mahakama na yake. Mwaka 2025 miili mingine ilifukuliwa Kwa Binzaro, katika eneo hilohilo la Malindi, na hilo linatuambia kwamba ripoti nzuri bila mtu wa kuzifuatilia hubaki kabatini.

Anayeubeba mzigo

Nchi yetu haijapungukiwa na fomu. Kuna nambari ya bure ya watoto, 116. Kuna dawati la jinsia vituoni. Malindi ina kituo cha ulinzi wa watoto, na Mombasa, hospitali kuu ya Pwani imekuwa na kitengo cha waathiriwa wa ukatili kwa miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2019 ulikuta kwamba karibu wanawake vijana 16 kati ya 100, na wanaume 6 kati ya 100, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wengi wao hawakuwahi kufika kwenye huduma yoyote. Waliofika ni wachache; tunachodaiwa kwanza ni kutowapoteza hao.

Hilo linahitaji mambo machache, yasiyo na gharama ya jengo. Mtu mmoja hospitalini, mwenye jina na simu, ambaye kila shaka humfikia siku hiyohiyo, na zamu yake ikiisha anamkabidhi mwenzake kwa maandishi. Kikao cha kila wiki ambapo daktari, nesi wa kliniki ya wajawazito, afisa wa ustawi, afisa wa watoto na polisi wa dawati la jinsia hupitia orodha moja, jina kwa jina, wakiuliza nani amekwama wapi. Faili linaloweza kusomwa na daktari mwingine, kwa sababu aliyeliandika huenda amehamishwa kaunti nyingine siku ya kesi. Na nauli ya mtoto ya kufika mahakamani, ambayo mara nyingi ni kidogo kuliko bei ya mbuzi wa suluhu.

Lipo na la mwisho, ambalo mipango husahau. Nesi wa Malindi anayeripoti anaishi mtaa mmoja na familia anayoiripoti. Atakutana nao sokoni na kwenye arusi. Akishatoa ripoti na asisikie tena chochote, amebaki na uadui bila faida. Akiambiwa baada ya miezi mitatu kwamba mtoto yuko kwa nyanya yake Watamu, anasoma, na kesi imepangiwa tarehe, ataripoti tena. Jibu hilo ni simu ya dakika mbili kutoka ofisi ya watoto kwenda wodini, na afisa yeyote anaweza kuanza kuipiga kesho bila kusubiri bajeti.